Dorian Gray: Kitabu Kilichohukumiwa na Wasomaji Wake

Tulikuwa kibandani mimi na beshte yangu, chapo mbili na maharagwe kila mtu, tukaanza kubishana. Si siasa, si mpira. Kitabu. Nilikuwa nimemtaja James Vane, yule baharia anayemwinda Dorian Gray ili alipize kisasi cha dadake. Beshte yangu akaacha kutafuna. "James Vane ni nani? Wewe hujasoma hiyo kitabu." Nikamwambia yeye ndiye hajasoma. Tukaitana waongo mpaka mama wa kibanda akatuuliza kama kuna pesa tunadaiana.

Jioni tukafungua simu, tukalinganisha. Kumbe wote tulikuwa tumesoma The Picture of Dorian Gray ya Oscar Wilde, na wote tulikuwa tumemaliza. Yake ina sura 13. Yangu ina sura 20. Kwenye yake hakuna James Vane anayemwinda mtu. Zote mbili ziko mtandaoni bure, jina moja, mwandishi mmoja, na hakuna aliyetuambia tuchague.

Hapo ndipo nilianza kuchimba. Na nilichokipata kimenifanya niogope kidogo kazi yangu hii ya kutoa maoni. Hiki kitabu kina historia mbili: historia ya Wilde kukiandika, na historia ya watu kukisoma. Hiyo ya pili ndiyo chafu zaidi.

Kwa wasee ambao hawajakisoma, stori ni hii. Msanii Basil Hallward anamchora kijana mrembo wa London, Dorian Gray. Rafiki wa Basil, Lord Henry Wotton, mtu wa maneno matamu asiyefanya kazi yoyote, anamwambia Dorian kwamba ujana ndio kitu pekee cha maana na utamwisha. Dorian anaingiwa na wivu na picha yake mwenyewe. Anatamani yeye abaki hivyo hivyo na picha ndiyo izeeke. Inakuwa. Anamtupa Sibyl Vane, mwigizaji maskini aliyempenda, na Sibyl anajiua. Uso wa Dorian haubadiliki, lakini mdomo wa picha unaingia ukatili. Anaifungia chumbani juu ya nyumba, na kwa miaka mingi anaishi anavyotaka huku picha ikioza kwa niaba yake. Mwisho anamuua Basil. Halafu anaichoma picha kisu, na watumishi wanakuta maiti ya mzee aliyekunjamana, wanaitambua kwa pete tu. Picha ukutani imerudi kuwa nzuri kama siku ya kwanza.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wilde alichukua wazo kama hilo akalitia damu.

Sasa twende kwa historia.

Tarehe 30 Agosti 1889, mhariri Mmarekani aitwaye Joseph Marshall Stoddart aliwaalika waandishi kwa chakula cha jioni katika hoteli ya Langham, London. Alikuwa anatafuta stori za jarida la Lippincott's Monthly Magazine la Philadelphia. Mezani alikuwepo Wilde, na alikuwepo Arthur Conan Doyle. Doyle akatoa The Sign of the Four, Sherlock Holmes wa pili. Wilde akatoa Dorian Gray. Mlo mmoja, vitabu viwili ambavyo mpaka leo havijatoka madukani. Mimi nikialikwa kwa chakula hutoka na soda tu.

Msomaji wa kwanza aliyekitilia shaka alikuwa Stoddart mwenyewe. Mswada ulipofika Philadelphia, alikata takriban maneno 500, hasa pale ambapo mapenzi ya Basil kwa Dorian yalionekana wazi mno, na pale ambapo wanawake wa Dorian walitajwa kwa namna ambayo ingewaudhi wasomaji. Wilde hakuambiwa. Kwa hiyo kabla mtu yeyote wa mtaani hajakigusa, kitabu kilikuwa kimeshapita kwenye mkasi. Maneno hayo yalikuja kuchapishwa mwaka 2011 tu, Harvard University Press ilipotoa mswada ule bila makato. Zaidi ya miaka 120.

Hata na mkasi huo, kilipotoka katika toleo la Julai 1890, magazeti ya London yaliwaka. St James's Gazette lilisema maneno ya karaha na kudokeza kwamba huenda wakuu wakaona inafaa kufungua mashtaka. Daily Chronicle likakiita sumu, takataka iliyotoka kwa Wafaransa. Scots Observer ndilo lilipiga pabaya zaidi: lilidokeza kwamba kama Wilde hawezi kuandika isipokuwa kwa ajili ya mabwana wakubwa waliokimbia sheria na vijana wa kupeleka telegramu, basi afadhali atafute kazi ya ushonaji.

Wewe leo ukisoma hiyo unauliza, telegramu zimeingiaje? Lakini msomaji wa 1890 alielewa papo hapo. Mwaka uliotangulia, polisi walikuwa wamegundua danguro katika mtaa wa Cleveland, London, ambapo vijana wa posta waliokuwa wakipeleka telegramu walikuwa wakilipwa kulala na wanaume matajiri. Bwana mmoja mkubwa alikimbia nchi. Kwa hiyo gazeti halikuwa linahakiki kitabu tena. Lilikuwa linamwambia Wilde, mbele ya taifa zima, kwamba tunakujua wewe ni nani. Bila kutaja kitu. Yule anayejua atajua. Hiyo mbinu mnaifahamu, si ndiyo? Tunaitumia kila siku.

Na haikuwa mchezo. Mwaka 1889 mchapishaji Henry Vizetelly alifungwa miezi 3 kwa kutoa riwaya za Émile Zola kwa Kiingereza. Mzee wa karibu miaka 70, gerezani kwa sababu ya tafsiri. Ndiyo maana kampuni ya W. H. Smith, iliyokuwa na vibanda vya vitabu kwenye stesheni za reli, iliondoa toleo lile la jarida kwenye vibanda vyake. Haikusema imekisoma ikachukizwa. Ilisema magazeti yamekiita kichafu. Maoni yalitosha.

Lakini ngoja. Kuna upande ambao sikuutarajia kabisa. Baadhi ya magazeti ya Kikristo yalikipenda. Christian Leader na Christian World yaliona humo mafundisho: kijana anaiuza nafsi yake, dhambi inamla, mwisho anakufa vibaya. Hubiri kamili, kasoro sadaka tu. Na Conan Doyle, aliyekula mlo ule ule wa Langham, naye aliona kitabu kimesimama mahali pazuri kimaadili, akamwandikia Wilde kumpongeza.

Maneno ni yale yale. Msomaji mmoja anaona uchafu wa kuitiwa polisi, mwingine anaona somo la Jumapili. Inawezekanaje?

Mimi nadhani jibu liko kwenye kitu kimoja ambacho Wilde alikifanya kwa makusudi: hakutaja dhambi za Dorian. Fungua kitabu utafute. Unaona mauaji ya Basil, unaona ukatili kwa Sibyl, unaona kasumba. Lakini zile nyingine, zile zinazofanya wanaume watoke chumbani Dorian akiingia, na vijana waliokuwa rafiki zake waharibikiwe mmoja baada ya mwingine, hazitajwi. Basil anamuuliza na sisi hatupati jibu. Wilde mwenyewe aliliandikia Scots Observer kusema kwamba dhambi za Dorian hakuna anayezijua, na anayeziona ndiye aliyezileta. Nilipokutana na hoja hiyo niliweka simu chini. Maana yake ni kwamba yule mhakiki aliyeona vijana wa telegramu, aliwaona kwa sababu walikuwa tayari kichwani mwake. Na yule mchungaji aliyeona mahubiri, alikuja nayo kutoka nyumbani.

Katika mzozo ule Wilde alisema tahakiki 216 zilikuwa zimepita mezani kwake kwenda kapu la taka, na kwamba amejibu hadharani tatu tu. Mtu anayehesabu mpaka 216 halafu anasema hajali, wadau, anajali. Mimi najua. Nimewahi kusema sisomi maneno ya watu kuhusu video zangu huku nikiyakumbuka kwa herufi.

Na kwenye kujibu, Wilde alijikanyaga. Mahali pamoja aliliambia St James's Gazette kwamba kitabu kina funzo: kupita kiasi kunaleta adhabu, na kujinyima kupita kiasi pia. Akaongeza kwamba funzo hilo kujitokeza wazi mno ndiyo kasoro pekee ya kitabu. Mwaka uliofuata, 1891, akaandika dibaji inayoshikilia kwamba hakuna kitabu chenye maadili wala kisicho na maadili, kuna kilichoandikwa vizuri au vibaya. Sasa tuchukue lipi? Watu wengi leo wananukuu dibaji kama sheria ya sanaa. Mimi naona ni wakili anayebadilisha utetezi katikati ya kesi. Simlaumu. Lakini tusijifanye hatuoni.

Hapo ndipo tunarudi kwa ugomvi wa kibandani. Aprili 1891, kampuni ya Ward, Lock ilitoa Dorian Gray kama kitabu kamili. Sababu moja ni ya biashara: stori ya jarida ilikuwa fupi. Sababu nyingine ni yale makelele. Wilde aliongeza sura sita, moja ya zamani akaigawa, zikawa 20. James Vane akaingia na kisasi chake, labda kwa sababu stori yenye baharia mwenye bastola inaonekana ya kawaida zaidi. Na maneno ya Basil juu ya Dorian yakapozwa tena. Kabla yalikuwa ya mtu anayependa. Sasa yakawa zaidi ya msanii anayetafuta urembo kwa ajili ya sanaa yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua, na hicho kilio kilikuwa njiani.

Msomaji niliyemheshimu zaidi katika utafiti huu ni Walter Pater, mwalimu wa Oxford ambaye Wilde alimwona kama mzazi wa fikra zake. Novemba 1891 alikihakiki katika The Bookman. Alikisifu, lakini alisema kitu ambacho wengine wote walikikosa. Kwamba Dorian na Lord Henry si watu waliofuata raha kwa ukamilifu, ni watu waliofeli. Mtu anayepoteza hisia ya jema na baya hawi tajiri zaidi wa maisha, anapungua, anakuwa mtu wa upande mmoja. Pater hakumwita Wilde mchafu wala mhubiri. Alisoma kilichoandikwa.

Lakini mtu kama Pater hakuwa mahakamani mwaka 1895.

Mwaka huo Wilde alimshtaki Marquess wa Queensberry kwa kumchafulia jina. Queensberry alikuwa baba wa Lord Alfred Douglas, kijana aliyekuwa na uhusiano na Wilde, na alikuwa ameacha kadi ya matusi klabuni kwa Wilde. Katika utetezi wake, Queensberry alikitaja Dorian Gray kama sehemu ya ushahidi. Kitabu. Riwaya. Ushahidi.

Wakili wa Queensberry alikuwa Edward Carson, aliyesoma pamoja na Wilde katika Trinity College, Dublin. Tarehe 3 Aprili alianza na swali dogo. Wilde alikuwa ameiambia korti ana miaka 39. Carson akaonyesha kwamba amezaliwa Oktoba 1854, kwa hiyo ameshapita 40. Fikiria hilo. Mtu aliyeandika kitabu kizima kuhusu kijana anayekataa kuzeeka, amekula kiapo, na uongo wake wa kwanza kushikwa ni wa umri. Carson hakuhitaji kusema zaidi.

Halafu akasoma kutoka Dorian Gray. Na akasoma hasa toleo la 1890, lile la jarida, kwa sababu alijua la 1891 lilikuwa limesafishwa. Wilde akakiri kwamba kuna sehemu aliyoibadilisha baada ya Pater kumwonya kwamba ingeeleweka vibaya. Umeona mtego? Kama angeacha ilivyo, maneno yenyewe yangemshtaki. Kwa kuwa aliyabadilisha, kule kubadilisha ndiko kulimshtaki. Ni kama kufuta posti wakati watu wameshapiga picha ya skrini. Kila mtu anauliza, kwa nini ulifuta?

Kuna kitu kimoja lazima nikiseme ili historia isiwe ya upande mmoja. Wilde hakufungwa kwa sababu ya riwaya. Kulikuwa na mashahidi, vijana waliosema walichofanya naye. Kesi yake ikavunjika, akakamatwa tarehe 5 Aprili, baraza la kwanza la wazee wa korti likashindwa kukubaliana, la pili likamtia hatiani tarehe 25 Mei: miaka miwili na kazi ngumu. Lakini kitabu kilikuwa kimemwandalia kiti. Kwa miaka mitano watu walikuwa wamekisoma kama maungamo, na walipomwona kizimbani walihisi wanamalizia sura ya mwisho.

Alitoka Mei 1897, akahamia Ufaransa, akajiita Sebastian Melmoth. Alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900, na miaka 46.

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani: sheria iliyomfunga ilikuwa kifungu cha 11 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1885, kuhusu vitendo vya aibu kati ya wanaume. Uingereza ilianza kulegeza mwaka 1967. Lakini maneno hayo yalikuwa yameshasafiri kwenda makoloni. Kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni mjukuu wake wa moja kwa moja, adhabu mpaka miaka mitano, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa. Una maoni yako kuhusu hilo, na najua hatutakubaliana wote hapa. Mimi nasema tu kwamba tunapoiita sheria hiyo mila yetu, tukumbuke ilipigwa chapa London, enzi za Dorian Gray.

Baada ya kifo, wasomaji walibadilika polepole. Mwaka 1945 Albert Lewin alitengeneza filamu, na ile picha ya kutisha ilichorwa na Ivan Albright. Iko mpaka leo kwenye jumba la sanaa la Chicago. Filamu ni nyeusi na nyeupe, lakini picha inapoonyeshwa rangi zinalipuka. Hivi karibuni Sarah Snook aliigiza wahusika wote peke yake jukwaani London, huku kamera na skrini zikimzunguka, mpaka simu yenye filta. Waliotengeneza onyesho hilo waliona tulichoona wengi wetu: sisi sote sasa tuna ile picha mfukoni. Ila yetu inafanya kazi kinyume. Ya kwenye skrini inabaki laini, sisi tunachakaa nyuma ya taa.

Sasa maungamo yangu. Kabla sijasoma kitabu hiki, nilikuwa ninajua sentensi zake. Zile za Lord Henry, za kuishi leo, za kufuata tamaa. Zinazunguka mtandaoni kama hekima, na mimi nimewahi kuziweka kwenye video yangu na muziki wa polepole chini yake. Watu walipenda. Ni baada ya kusoma ndipo niligundua kwamba hayo ndiyo maneno yaliyomharibu Dorian, na msemaji wake hakuishi hata moja kati ya hayo. Lord Henry hafanyi kitu kitabu kizima. Anaongea tu, kijana mwingine anaenda kulipa. Nilimeza maneno yake kwa sababu ile ile Dorian aliyameza: yanasikika vizuri. Na mimi ndiye niliyapitisha kwa wengine. Kazi ya Lord Henry, kwa kifupi.

Ile video nimeiacha. Baada ya kusoma habari za Carson, sikuona kufuta kutanisaidia nini.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wanaosema kitabu kinachosha wana haki kwenye sura ya 11, ile ya manukato na vito na mazulia. Mimi niliiacha mara mbili. Wanaosema ni kichafu, waonyeshe ukurasa. Wanaosema ni mahubiri, wamsikilize Basil akiomba sala, halafu wakumbuke nani alichomwa kisu. Na wanaosema ni maisha ya Wilde mwenyewe, wakumbuke kwamba wa kwanza kukisoma hivyo hadharani kwa faida yake alikuwa wakili aliyelipwa. Tusome kilichoandikwa kwanza. Nyani haoni kundule, na msomaji mwenye hasira haoni alichokuja nacho.

Mimi na beshte yangu tumebadilishana. Yeye anasoma sura 20, mimi 13. Basil wa kwenye toleo lake anaongea kama mtu aliyeumia, nami nimeanza kumwelewa tofauti. Juzi akanitumia ujumbe: amekutana na James Vane, anaomba msamaha. Jana akatuma mwingine: amefika sura ya 11, na je, lazima aimalize?

Nikamwambia avumilie. Chapo ni juu yangu.